Nilipokimbia Mbele ya Mkwe

Watu wa Nzega wakisimulia Saba Saba ya mwaka sabini na mbili husema eti mimi Josepha nilikimbia kwa ubishi. Si kweli. Nilikimbia kwa hasira. Mbishi hubishana na watu, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana.

Chanzo ni mashine ya kusaga. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na shule, shamba la pamoja la pamba, na bendera ndefu kuliko ya mtu yeyote. Mashine hakikuwa nayo. Sisi wanawake tulitwanga, mimi kwenye kinu cha mama yangu, mpaka viganja vikaota sugu, au tulijitwika mahindi hadi Puge, tukapanga foleni, tukarudi jioni na unga na shingo zilizokakamaa. Binti yangu Bertila aliwahi kwenda Puge akiwa na mimba kubwa. Alirudi hawezi hata kuinama kutua mzigo, ikabidi nimtue mimi. Siku hiyo niliapa kwamba mashine itakuja, hata kama nitakwenda kuiburuta mwenyewe.

Wilaya ikatangaza mbio za Saba Saba, maili kumi na tatu, kumalizikia uwanja wa mpira wa Nzega mjini. Hazikuwahi kutokea kwetu mbio ndefu namna hiyo. Kijiji cha atakayeshinda kingepewa mashine ya kusaga. Moyo wangu uliruka, maana mkimbiaji tulikuwa naye: Masolwa, mume wa Bertila, kijana wa miguu mirefu aliyekua akifukuzana na ndama mbugani.

Mwenyekiti wetu, Eustace, akaitisha mkutano. Alipenda mikutano mtu huyu. Akasema Masolwa atakimbia, vijana wengine watamsindikiza, na akina mama watapiga vigelegele.

Nikasimama.

"Mwenyekiti, mahindi kwenda Puge hubebwa na nani?"

"Na akina mama."

"Kwa miguu au kwa ndege?"

Watu wakacheka. Eustace hakucheka.

"Basi niandike na mimi," nikasema.

"Josepha, wewe ni bibi sasa."

"Na bibi ana miguu. Niandike."

Baba yangu alibeba mizigo katika njia hiyohiyo ya Puge enzi za misafara, na mama alimfuata nyuma na chungu na mkeka kichwani, mpaka pwani na kurudi. Mama hakuandikwa popote wala hakupigiwa kigelegele. Nilitaka mtu mmoja wa ukoo wetu afike mwisho wa njia ile akiwa hana mzigo kichwani, watu wamwone. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu.

Nikaanza mazoezi. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka nyumbani hadi kichuguu kikubwa, kichomi kikanishika ubavuni, nikakaa chini kama gunia. Bertila alicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni mwake akaamka. Wiki zikapita, kichuguu kikawa karibu, shamba la pamba likawa karibu, na mwisho nikawa naenda kisimani mbio na kurudi mbio, ndoo nikimwachia Bertila.

Kijiji nacho kilichanga kumnunulia Masolwa viatu vya raba. Eustace alimpima mguu kwa kijiti, akapanda basi kwenda Tabora. Kijiti kikavunjikia mfukoni safarini, na yeye, badala ya kusema, akanunua kwa kukisia. Bertila aliniambia kwamba viatu vinambana mumewe hadi kucha, lakini Masolwa atavivaa tu, maana ni viatu vya kijiji.

Sasa lazima nieleze habari ya mimi na Masolwa. Kwetu kijana hamtazami mama mkwe wake usoni. Mkikutana njiani, yeye huingia porini mpaka upite. Akija nyumbani hukohoa akiwa mbali, ili ujifunike au uingie ndani, na akiwa na neno na wewe humtuma mtu. Hivyo mpaka siku atakapomfungua mkwe kwa zawadi, iletwe na mjumbe, ndipo mtazamane na kuamkiana. Masolwa alitaka kunifungua kwa mtamba, si kwa kitu kidogo. Mwaka mmoja mtamba alikufa, mwaka mwingine mvua ikagoma. Mimi ningepokea hata jembe, lakini mkwe hajisemei mwenyewe. Basi tangu amwoe binti yangu, tulikuwa hatujapata kuamkiana. Kikohozi chake nilikijua kuliko sura yake.

Siku ikafika. Alfajiri lori lilitupakia, likaturudisha upande wa Puge, likatumwaga barabarani. Bwana Michezo aliyesimamia mbio aliitwa Mfaume, Mzaramo wa Kisarawe, mtani wetu kabisa. Alikuwa na baiskeli na filimbi, na aliipenda filimbi kuliko baiskeli.

"Wanawake watangulie," akasema, "wasije wakafika wageni wameshakula pilau. Na sheria ni moja: atakayetoka barabarani na kukanyaga nyasi, ametoka mashindanoni. Sitaki watu wa kukatiza mashamba ya pamba."

"Mzaramo," nikamwambia, "wewe ulifundishwa lini habari ya barabara? Kwenu si mnatembea juu ya minazi?"

"Kimbia, bibi, kabla sijakubeba kwenye keria!"

Akapuliza filimbi, tukaondoka. Mtu wa kwetu asingepanga vile hata usingizini. Kuwatanguliza wanawake, kisha kuwaleta wanaume nyuma yao, halafu kukataza watu kuingia porini, katika nchi ambayo kila mwanamume ana mama mkwe! Lakini wanaume walipotia akilini, sisi tulikuwa tumeshapotea kwenye kona.

Nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Baridi ya Julai, vumbi bado limelala, miguu myepesi. Nikawaacha wenzangu kidogo kidogo. Watoto walitoka kwenye miji ya kando ya barabara wakakimbia nami, wakachoka, wengine wakanipokea. Nikawa naimba moyoni.

Utamu uliisha ndala yangu ilipokatika. Niliitupa, nikaitupa na ya pili isije ikajiona bora, nikaendelea peku. Jua likapanda. Changarawe zikawa zinanitafuta nyayo moja moja. Kichomi kikarudi, magoti yakaanza kulalamika, nikayaambia tutaongea Nzega.

Nikasikia vishindo nyuma. Akanipita kijana mwembamba.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Mtoto wa wapi?"

"Choma, mama. Naitwa Limbu."

Akaenda zake bila hata kuhema. Nikaomba Mungu ampe kichomi, kisha nikaomba msamaha, kisha nikaomba tena kidogo.

Vishindo vingine vikaja, vizito, vya viatu. Vilikuja haraka, vikakaribia, halafu vikapungua ghafla. Nikasikia kikohozi.

Nilikijua kikohozi kile. Nikavuta kanga usoni, nikabaki na upenyo wa kuonea barabara. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nikapunguza, akapunguza. Mbele yetu mgongo wa Limbu ulizidi kuwa mdogo, na ndani ya mgongo ule niliona mashine yetu ikienda Choma.

Mfaume akatokea na baiskeli yake.

"Wewe wa viatu! Mbona hupiti? Barabara pana hii!"

"Ni mama mkwe," Masolwa akasema.

"Ndiyo, sasa mpite mama mkwe!"

"Mzaramo," nikaita bila kugeuka, "mwambie huyo aliye nyuma yako apite. Nimejifunika."

Mfaume akaangalia huku na huku. "Mama, hatua chache tu hizi. Anakusikia."

"Kazi yako ni kufikisha!"

Akageuza baiskeli. "Anasema upite, amejifunika."

"Mwambie siwezi kumpita mkwe nikamwonyesha mgongo. Hajanifanyia ubaya wowote."

Mfaume akanyonga pedeli mpaka kwangu. "Anasema hujamfanyia ubaya."

"Mwambie mashine inakwenda Choma!"

"Anasema mashine..."

"Mwambie naiona, bwana, naiona!" Sauti ya Masolwa ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Hapo nikajua kwamba hatanipita. Angenifuata vile mpaka uwanjani, kwa adabu, na tukakosa mashine kwa adabu. Pembeni kulikuwa na nyasi kavu na migunga. Hatua moja tu, yeye apite, na mimi niwe nimetoka mashindanoni. Sitaficha, nililia ndani ya kanga yangu. Nilifikiria mama na chungu chake, nikafikiria Bertila alivyoshindwa kuinama. Mama alikuwa amekwisha kufika kwake. Bertila alikuwa bado na safari nyingi za Puge.

Nikaelekea nyasini. Mfaume akapuliza filimbi.

"Mama! Ukikanyaga hapo umetoka!"

"Najua! Usinipigie kelele!"

Nilikuwa nimeshainua mguu Masolwa alipopiga ukelele: "Mzaramo! Mwambie asitoke! Mwambie kuna zawadi!"

Nikabaki mguu juu kama korongo. Nikasikia mtu anaketi vumbini, anavuta, anaguna, anavuta tena. Kisha baiskeli ikaja. Mfaume alikuwa ameshuka, anaisukuma kwa nyonga, viatu viwili vya raba mikononi. Utani ulikuwa umemtoka usoni, maana sasa alikuwa ameelewa yeye ni nani katika jambo lile.

"Mama," akasema polepole, "mkweo ananituma. Anasema hiki si kile alichokusudia, mtamba atakuja. Lakini kwa leo anakuomba upokee hivi, umfungulie njia."

Viatu vilikuwa na joto bado. Nikavipokea kwa mikono miwili. Nikaviweka chini, nikaondoa kanga usoni, nikageuka.

Masolwa alisimama peku katikati ya barabara, ameinamisha kichwa. Akakiinua taratibu. Nikaona kidevu cha mjukuu wangu, kile chenye kishimo, ambacho kwa muda wote huo nilikuwa najiuliza kimetoka kwa nani. Kumbe kilikuwa kinanikoholea nje ya mlango.

"Shikamoo, mayu," akasema. Ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kinyamwezi, na hakuna mwanamume aliyekuwa amewahi kuniita hivyo, maana Mungu alinipa Bertila peke yake.

"Marahaba, mwanangu." Nikamwonyesha barabara kwa mkono. "Haya, mkamate yule wa Choma!"

Ee, laiti mngeona mtu akifunguliwa! Vile viatu vilikuwa vimemfunga kuliko mila zote. Alipita karibu nami akiwa anacheka, nyayo zake hata hazikugusa changarawe, na kabla sijafunga kanga kiunoni alikuwa ameshageuka nukta mbele huko. Mfaume alirukia baiskeli, akamfuata akipuliza filimbi bila sababu yoyote.

Nikajaribu viatu. Vilinienea kana kwamba Eustace alinipima mimi.

Maili za mwisho nilizikimbia na viatu vya kwanza vya mbio katika maisha yangu, na sijui nizieleze vipi. Magoti yaliuma, midomo ilikauka, wanaume walinipita makundi kwa makundi, kila mmoja na shikamoo yake, mpaka nikachoka kuitikia kuliko kukimbia. Lakini nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nikisema peke yangu, "Mayu, mayu," kwa sauti, na mbuzi walikuwa wakinitazama.

Karibu na mji nikasikia ngoma na kelele kubwa za watu. Mtu alikuwa ameshinda. Nani, sikujua. Nilipowauliza watu wa kando ya barabara walinishangilia tu badala ya kunijibu, nikawakasirikia.

Nikaingia uwanjani. Vigelegele vilipanda, na Bertila alikuwa anavipiga huku analia, mtoto kamwinua juu. Sikuwa na kitu kichwani, hata kanga. Nilipita mbele ya wote wale nikiwa nimenyoosha shingo, nikavuka mstari, nikamtafuta Masolwa. Alikuwa amesimama pale pale mstarini, vumbi mpaka kwenye nyusi, uso hausomeki.

"Umempata?" nikamuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

"Mayu," akasema, na kile kishimo kikatokea kidevuni, "kile kinu tukipasue kuni."

Nikamkumbatia mbele ya wilaya nzima, jambo ambalo zawadi ya kufunguana haikuruhusu, lakini nilikuwa nimechoka na nilihitaji mtu wa kuegemea. Kisha nikamwambia kinu cha mama yangu hakipasuliwi na mtu, asahau. Limbu wa Choma alikuja kutupa mkono sote wawili. Kijana mzuri, nikamwombea Mungu kwa unyofu sasa.

Eustace akafika mbio, amejawa na hotuba. Akatazama miguu ya Masolwa, akatazama yangu.

"Josepha! Hivyo si viatu vya kijiji?"

"Ni viatu vya mkwe," nikasema. "Na wewe, mwenyekiti, uliponunua ulikuwa umepima mguu wa nani?"

Akageukia umati, akaanza hotuba yake.

Mashine ilikuja baada ya mavuno, juu ya lori, na kijiji kizima kikatoka. Mimi nilikuwa natoka shamba, nimevaa viatu vyangu, na kwa mbali nikamwona Masolwa anakuja upande wangu kwenye njia nyembamba ya migungani. Kwa mazoea nikapunguza mwendo, nikashika kanga, nikangoja aingie porini. Hakuingia. Alisimama katikati ya njia, akaningoja.