Kituo cha Ö

Naitwa Majvor Östensson, na kwa sababu ya herufi inayoanzisha jina langu la ukoo nimekaa kinamasini miaka thelathini na minane.

Kikundi chetu cha kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa kaskazini, hugawa vituo kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Mwenyekiti, Stellan Almqvist, anasimama kilimani, wanakoanzia elki wote. Wengine wanafuata mpaka Z, halafu zile herufi tatu za mwisho za Kiswidi: Å, Ä, na mimi Ö huku kwenye matope. Hajafika kwangu elki hata mmoja. Mbu wanafika.

Mwaka huu magoti yamegoma, na nilijua huu ndio msimu wangu wa mwisho. Nilitaka elki mmoja tu, basi. Nikamwendea Stellan.

"Nipe kilima siku moja."

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Hakuna kuruka herufi."

Kweli, kikundi kizima nimekifundisha kusoma. Stellan huyuhuyu alinitesa wiki nzima na Ö. Nikimwambia aviringe midomo kama anapiga mluzi, halafu kwa ndani aseme e, yeye anapiga mluzi. Å, sema o huku umeibana midomo, ilimchukua siku mbili. Ä, ile e ya kuachama kama mbuzi, aliipata papo hapo.

"Nilikufundisha herufi, Stellan. Roho mbaya umejifundisha mwenyewe."

"Utaratibu ni utaratibu, Mwalimu."

Nikaenda kinamasini nimenuna.

Saa nne kamili asubuhi, kikundi kizima hunywa kahawa, kila mtu kituoni kwake. Hata msitu uwe unaungua, kahawa kwanza. Bunduki zinaegemezwa kwenye misonobari, maandazi ya mdalasini yanatolewa. Mimi daktari alinikataza kahawa tangu Aprili, kwa ajili ya moyo. Nikabaki na bunduki yangu na hasira zangu.

Mbwa akabweka kule kilimani. Redio ikakwaruza.

"A hapa. Elki amenipita. Nilikuwa namimina."

"L. Na mimi kanipita. Andazi liko mkononi, ningefanyaje?"

"W. Jamani, dume hilo."

Elki alikuwa anaishuka alfabeti, na hakuruka herufi hata moja. Å akalaani. Jirani yangu Ä alijibu mdomo umejaa, ikatoka ile e ya mbuzi kabisa.

Kisha akatokea mbele yangu, mkubwa kuliko farasi, maji yakiruka. Nikapiga risasi moja, akaanguka palepale.

"Nani amepiga?" aliuliza Stellan.

"Mnamjua. Itamkeni herufi yake. Kwa zamu, na midomo ya mluzi."

"Mwalimu, tuje kwanza tumvute huyo elki..."

"Hakuna kuruka."

Halafu Stellan, babu mzima wa wajukuu wanne, akasema Ö ndefu, safi, bila chembe ya mluzi. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, sauti zao nene zikishuka msituni kuja kwangu. Nilikaa juu ya gogo, maji yakiniingia kwenye buti, nikilia kwa furaha. Ä alipomaliza, nikafuta machozi, nikabonyeza redio na kuitamka ya kwangu.