Drili Isiyo na Waya

Gona alikufa asubuhi, mvua za masika zikiwa zimelowesha kila kitu, ndani ya bafu la chumba cha chini katika hoteli mpya iliyokuwa ikijengwa Watamu. Alikuwa akitoboa fremu ya mlango apate kutia parafujo. Waya wa drili ulipita juu ya sakafu yenye maji, na mahali fulani ulikuwa umeungwa kwa utepe uliochoka. Lewa, shemeji yake, alikuwa ameushikilia mlango upande wa pili. Alimwona Gona akivutana na ile drili, meno yameumana, na kwa kitambo kidogo alidhani anatania, maana Gona alikuwa mtu wa mzaha. Lewa alipokimbia ukumbini kuchomoa plagi, mambo yalikuwa yamekwisha.

Walimzika Gede, nyuma ya nyumba ya mama yake, Bi Kahonzi. Hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Aliyebaki alikuwa binti yake Kadii, mkewe Lewa, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa mama yake. Gona ndiye aliyemfundisha Lewa useremala, akamtoa kwenye kupanga vigae na kumwonyesha randa na patasi, kisha akampa na dada yake.

Siku ya mwisho ya matanga, Kadii alimwita mumewe ndani, Bi Kahonzi akiwa ameketi kitandani.

"Baba Nzai," akasema, kwa kuwa ndivyo alivyomwita tangu walipompata mtoto wao, "niahidi mbele ya mama. Hutashika tena kitu chenye waya."

"Nimeahidi."

Alijibu upesi sana. Wanawake wale wawili wakaona ni heshima kwa marehemu.

Mkandarasi wa milango na madirisha alikuwa Zein, mtu wa Malindi ambaye wazee wake walitoka Pate. Alikuja matangani, akasaidia gharama za mazishi, na alipoona watu wameanza kutawanyika akamvuta Lewa kando.

"Kazi yako ipo, fundi. Sitampa mtu mwingine. Lakini mwenye hoteli anataka kufungua kabla ya Krismasi."

Lewa akamweleza ile ahadi. Zein akafikiri kidogo.

"Mzee Abdulhalim ameleta drili za betri," akasema. "Hazina waya kabisa. Nenda kazione."

Mwaka ule wa themanini na saba, drili za namna hiyo watu wengi wa pwani walikuwa hawajaziona kwa macho. Lewa alikwenda Malindi na Kadii. Duka la Abdulhalim lilikuwa karibu na soko, limejaa misumari, bawaba na makopo ya rangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Tulisikia."

Akawatolea drili mbili, akaziweka juu ya meza.

"Hii ndogo betri yake imo ndani, haitoki. Ikiisha nguvu, drili inalala na wewe unalala nayo. Hii nyingine betri inachomoka hapa chini ya mpini. Ukiwa na betri mbili, moja iko kazini na nyingine inachajiwa. Fundi wa kazi ya kila siku achukue hii."

Akampa ubao wa msonobari ajaribu. Biti ikapita kama kisu kwenye papai. Kadii akashtuka, akacheka kidogo.

"Na mbambakofi?" Lewa akauliza.

Mzee akaishika drili, akaipima uzito mkononi. "Sitakudanganya, mji wenyewe mdogo huu. Kwa parafujo na bawaba na mbao laini, utanishukuru. Kwa mbambakofi, utakuwa unambebesha punda mzigo wa ngamia. Mti mgumu unataka drili ya waya."

"Ya waya hatutaki," Kadii akasema.

"Basi uende nayo taratibu. Toboa kwanza kwa biti nyembamba, halafu ndiyo utie nene. Na betri ikitoka ya moto, usiichaji pale pale. Iache ipoe, hata kama una haraka. Joto ndilo linaloziua."

Waliuza ng'ombe wao wa maziwa, wakainunua ile yenye betri mbili.

Gede kwao hakukuwa na umeme, kwa hivyo betri ilibidi zichajiwe hotelini, katika stoo aliyoiangalia mzee mmoja aitwaye Thoya. Asubuhi ya kwanza Lewa alisimama mbele ya soketi akiwa na plagi ya chaja mkononi. Alisimama muda mrefu. Jasho lilimshuka shingoni ingawa jua lilikuwa halijapanda.

"Bwana Thoya," akasema hatimaye, "nichomekee hii. Mikono yangu ina gundi."

Thoya akaitazama mikono ile. Ilikuwa safi. Akaichukua plagi akaichomeka, na tangu siku hiyo akawa anaichomeka kila asubuhi bila kuombwa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Lewa alitia bawaba za makabati, akafunga reli za mapazia, akapanda juu ya boriti chini ya makuti ambako hakuna waya uliofika, na kila mahali kile chombo kilimtii. Mafundi wengine waliacha kazi wakaja kumtazama. Jioni alikuja nacho nyumbani, na Nzai akakaa karibu kusikiliza kinavyolia. Bi Kahonzi naye alikuja siku moja akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Na hiki hakiui?"

"Hakiui, mama."

Mwanamke yule akatikisa kichwa, machozi yakamtoka, akarudi kwake. Kadii alianza tena kuimba akitwanga. Lewa alimsikia akashukuru Mungu.

Kisha mwenye hoteli akaamua kwamba vyumba vyote vinavyotazama bahari viwe na milango ya mbambakofi, yenye vitasa vizito vya shaba. Milango ilishushwa kutoka kwenye lori, myekundu iliyokoza, kila mmoja ukibebwa na wanaume wanne. Lewa alipitisha mkono juu ya mbao, akajua.

Alifuata maneno ya Abdulhalim. Alianza na biti nyembamba. Drili ikaguna, ikapungua mwendo, ikasimama. Akaitoa, akapuliza vumbi, akairudisha. Kabla tundu moja la kitasa halijatimia betri ilikuwa imekwisha, na alipoichomoa ilikuwa ya moto kama muhogo uliotoka chunguni. Akaiweka kivulini ipoe. Betri ya pili ikafanya vivyo hivyo. Akakaa chini kando ya mlango, hana la kufanya, huku Zein akipita ukumbini na kutazama saa yake.

Siku ya kwanza alingoja zipoe. Siku ya pili pia. Halafu Zein akaja akasimama juu yake, akasema kwa upole, "Fundi, vyumba ni vingi na mwenye mali ananisumbua," na Lewa akachukua betri ingali ya moto akampelekea Thoya.

"Hii bado inaunguza," Thoya akasema.

"Ichomeke tu."

Haikuchukua muda. Betri moja ilianza kuishiwa nguvu kabla ya parafujo ya tatu. Ya pili ikagoma kabisa, ikakaa kwenye chaja mchana kutwa na kutoka vile vile ilivyoingia. Lewa alizipeleka Malindi. Abdulhalim alizigeuza mkononi, akazinusa.

"Ulizichaji za moto?"

Lewa akainamisha kichwa.

"Nyingine sina, mwanangu. Mpaka meli ije, na sijui itakuja lini."

Alirudia keekee ya mkono, akizungusha na kuegemea kwa kifua. Malengelenge yalipasuka viganjani, yakafanya mengine juu yake. Mlango mmoja ulimmaliza kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na bado kitasa kilikaa upande. Baada ya wiki, Zein alileta mafundi wawili kutoka Mombasa wenye drili za waya. Walifanya kwa nusu siku kazi aliyoifanya Lewa kwa siku nne. Zein akaja na drili ya tatu mkononi.

"Sikufukuzi. Hii ni yako ukiitaka. Usipoitaka, sina la kufanya."

"Niliahidi, bwana Zein."

"Najua uliahidi."

Lewa akakusanya vyombo vyake akaenda zake nyumbani.

Huko Gede mambo yalikuwa magumu. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, ng'ombe ameuzwa, na seremala asiye na kazi ya hoteli alitengeneza vigoda na kuvitazama. Kadii alianza kuuza mabokoko, yaani matunda ya mbuyu, kando ya njia. Nzai alikohoa, akapona, akakohoa tena. Hakuna aliyemlaumu Lewa, na kwa hiyo siku zilikuwa ndefu zaidi.

Siku moja mchana Kadii alikuwa anachambua mchicha pamoja na mama yake. Mchicha wenyewe ulikuwa kiganja kimoja. Akaacha mikono, akasema bila kumtazama mumewe:

"Kashike."

"Kushika nini?"

"Hiyo ya waya. Ahadi niliitaka mimi, naiondoa mimi. Mtoto hali ahadi." Akamgeukia mama yake. "Mama, niambie nimekosa."

Bi Kahonzi aliweka chini mchicha aliokuwa nao mkononi. Aliinuka polepole, akaenda nyumbani kwake, akafunga mlango.

Lewa alikaa pale. Alitarajia kuona mzigo umeshuka. Badala yake alijiona kama mtu aliyenyang'anywa nguo mbele za watu.

Kesho yake alikwenda. Zein alifurahi kumwona. Jua lilikuwa kali na sakafu kavu. Waya ulikuwa mpya, hauna kiungo hata kimoja, na Zein alimwita fundi wa umeme akaukagua wote mbele yake, toka plagi mpaka mpini. Lewa akaishika drili. Ilikuwa nzito kuliko ile ya betri, na nzuri. Akaweka biti juu ya alama ya penseli.

Kidole hakikukunjika.

Alijaribu tena. Alijiambia Gona mwenyewe angemcheka. Alimfikiria Nzai. Shati lilimganda mgongoni, na kidole kilikaa pale juu ya swichi kama kidole cha mtu mwingine. Miezi yote ile alikuwa akiwaambia watu, na akijiambia mwenyewe, kwamba ni ahadi ya mkewe. Sasa ahadi haikuwapo, na hofu ilikuwapo.

Akaiweka chini taratibu.

"Mkono hautaki," akasema.

Wale mafundi wa Mombasa waliendelea na kazi, wakijitia hawakuona. Zein akauzoa waya, akauzungusha kwenye kiwiko chake.

"Pumzika, ndugu yangu," akasema. Lewa angependelea atukanwe. "Kuna kazi ya kupiga msasa, pamoja na vibarua. Si kazi yako, lakini ipo."

Jioni Kadii alikuwa mlangoni kabla Lewa hajafika.

"Umeshika?"

Lewa aliuona uso wa mkewe. Ulitaka aseme ndiyo, na uliogopa aseme ndiyo.

"Nimeshika," Lewa akasema.

Kadii akaketi pale pale kizingitini.

Tangu siku hiyo Lewa alikwenda kila asubuhi Watamu, akakaa uani na vibarua, akapiga msasa milango ambayo wengine waliitoboa. Ujira ulikuwa wa kibarua. Alimwambia mkewe kwamba Zein siku hizi analipa kidogo. Kila alasiri Kadii alikuwa amesimama barabarani Gede, akimngoja. Lewa aliposhuka kwenye matatu, mkewe alimshika kiganja, akakigeuza, akakitazama.

"Leo imekuwaje?"

"Salama."

Kadii alikonda. Chakula alikiacha sahanini. Akisikia mtu anaita uani alidondosha alichoshika. Bi Kahonzi aliacha kuitika salamu za mkwe wake. Alipita akitazama pembeni, kama apitaye kando ya kaburi lililochimbwa tayari. Lewa aliyaona yote. Alijua neno moja lingemrudishia mkewe usingizi. Kila siku akiwa njiani alilitengeneza mdomoni, na kila siku alipomwona amesimama pale na leso yake, akimtazama kama mume aliyerudi kutoka vitani, neno likarudi ndani.

Mwezi wa kumi na moja mtu alianguka kutoka kwenye jukwaa pale hotelini akavunjika mguu. Habari ilifika Gede ikiwa imebadilika: fundi wa Watamu amekufa. Kadii alitupa kapu la mabokoko akakimbia mpaka Watamu. Thoya alimwona langoni, miguu mitupu, leso imemvuka, akajaribu kumwambia ni mtu mwingine, lakini hakusikia. Akaingia mpaka uani.

Lewa alikuwa amechuchumaa katikati ya vibarua, kipande cha msasa mkononi, vumbi jekundu la mbao hadi kwenye nyusi. Hapakuwa na waya popote.

Kadii alisimama akihema. Alitazama mikono ya mumewe, akatazama milango, akawatazama wale vibarua. Lewa akainuka.

"Mama Nzai, nilitaka kukwambia..."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Hujaishika hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Vibarua walikuwa wameacha kupiga msasa. Kadii akaivuta leso yake iliyoangukia mabegani, akajifunga vizuri, polepole, kama mtu ajitayarishaye kwenda kanisani.

"Kuogopa ningekuelewa," akasema. "Ndugu yangu alikufa mbele ya macho yako, ningekuelewa. Lakini mimi nimekuzika kila siku, Lewa, na wewe ulikuwa unaniona."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Nzai azaliwe kumwita kwa jina lake. Akageuka akatoka, akampita Thoya langoni.

Lewa alipofika Gede jioni, hapakuwa na mtu barabarani. Nyumbani, mkeka wa Kadii haukuwapo wala nguo za Nzai. Alikwenda mpaka kwa Bi Kahonzi, akabisha hodi. Aliwasikia ndani, sahani zikigongana, mtoto akiuliza kitu na kunyamazishwa. Akabisha tena. Mlango haukufunguliwa.

Hoteli ilifunguliwa kabla ya Krismasi, kama mwenyewe alivyotaka, na Zein hakuwa tena na haja ya vibarua.