Viatu vya Spogmai

Baba ndiye aliyeupa mtaa wetu ruhusa ya kumtazama Zmarak. Kabla yake, mwanamuziki kwenye televisheni alikuwa jambo la kuzima haraka mgeni akibisha hodi. Lakini kipindi kile, ambacho kila Jumapili baada ya alasiri kilimfuata Zmarak kutoka kijijini kwao hadi kwenye majukwaa ya Peshawar, kilimkuta akibusu mkono wa mama yake, akisali, akimfukuza mpiga ngoma aliyetukana mbele ya watoto. Baba anashona viatu, na si mtu wa kusifu kitu asichokishona mwenyewe. Hata hivyo aliwaambia wateja wake kwamba kipindi hiki mtu anaweza kukitazama hata binti yake akiwa ameketi pembeni. Maneno hayo yalizunguka soko zima la Mardan.

Hakujua kwamba binti yake mwenyewe alikuwa ndani ya kipindi.

Spogmai, dada yangu, ana sauti ambayo sitaipunguza kwa kuifananisha na ya ndege. Wakati wa baridi Mama alimpeleka Peshawar kwa daktari wa meno, na ghorofa ya juu ya daktari huyo palikuwa na studio anayorekodia Zmarak. Mama alitaka sauti ile ibaki mahali fulani kabla mwenyewe hajaolewa na kunyamaza. Spogmai akaimba kiitikio. Mtengenezaji wa kipindi aliapa kwamba uso wake hautaonekana wala jina lake halitatajwa. Kisha Jumapili moja likaja tangazo: wiki ijayo, tunaingia studioni.

Kwetu jambo kama hilo halisameheki kirahisi. Binti wa fundi bomba, mtaa wa nyuma, alionekana akicheza kwenye video ya harusi. Haukupita muda hakuwepo tena, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mama yake amekwenda wapi. Mama yetu aliacha kula. Spogmai aliacha kuimba hata akiosha vyombo, na ukimya huo ndio ulionitisha zaidi.

Siku yenyewe, Baba akiwa msikitini, Mama alipanda juu ya paa na mkasi wake wa nguo akakata waya wa televisheni. Mimi nilishika ngazi. Tulijiona werevu.

Baba alirudi, akabonyeza, akaipiga televisheni kofi, akatazama saa.

"Vaeni," akasema. "Tunakwenda kwa Haji Khaista."

Haji Khaista ni mtoto wa baba mdogo wa Baba, na kwetu binamu wa namna hiyo ndiye wa kwanza kufika ukifiwa na wa kwanza kufurahi ukiaibika. Mama alisema kichwa kinamuuma. Baba akamjibu kwamba upepo utamsaidia.

Kwa Haji, wanawake walivua viatu kwenye kizingiti cha ndani wakapotelea huko. Sisi wanaume tuliketi katika chumba cha wageni, ambacho mlango wake unatazamana na kizingiti hicho. Haji alimkaribisha Baba kama mufti wa televisheni, akataka kujua leo amekuja na fatwa gani. Watu wakacheka. Baba akapokea chai yake.

Zmarak alitaniana na mpiga rubabu. Kisha likaonekana pazia, na nyuma yake ikatoka sauti ya dada yangu. Nilimtazama Baba. Alikuwa anapuliza chai.

Kamera ilitimiza kiapo chake. Haikupanda usoni. Ilishuka sakafuni, chini ya pazia, ikatulia kwenye miguu iliyokuwa ikipiga mapigo taratibu. Viatu vyeusi, uzi mwekundu mistari miwili kisiginoni. Baba alimshonea Spogmai kwa ajili ya Idi, jozi hiyo moja tu. Aliendelea kupuliza chai ambayo sasa ilikuwa imepoa.

Haji alisogea karibu na skrini.

"Baba yake huyu yuko wapi?" akauliza. "Au naye ameketi mahali anakunywa chai?"

Kicheko kingine. Na viatu vyenyewe vilikuwa pale kizingitini, nyuma ya mgongo wake. Alihitaji kugeuza shingo tu.

Baba aliweka kikombe chini.

"Msichana amejifunika na anaimba kumsifu mama," akasema. "Anayemkodolea macho miguuni ni wewe, Haji."

Baba alijifunga shali yake, akasema anakwenda kutia udhu, akatoka. Aliporudi, pale kizingitini palikuwa na pengo.

Spogmai alirudi nyumbani pekupeku, shuka lake la kujifunika limeshushwa hadi vumbini kuficha miguu. Baba alitangulia na hakugeuka. Mimi siogopi watu wengi, lakini mgongo wake siku ile niliuogopa.

Alimwita kwenye karakana yake, ile inayofungukia barabarani. Akatoa viatu ndani ya shali, akachukua kisu cha ngozi. Mama aliingia akasimama katikati yao. Baba akamwambia ajitenge. Hakujitenga. Basi Baba akavikata viatu hapo hapo, gidamu, soli, kisigino, vipande vidogo vidogo, kisha akatandika karatasi sakafuni.

"Lete mguu."

Kisu kilikuwa bado mkononi. Spogmai alinitazama, kisha akauweka mguu. Baba akauzungushia penseli kwa mkono wa pili, na mstari ukatoka umepinda kama wa mtoto.

"Kuna wimbo mwingine?" akauliza bila kuinua uso.

"Mmoja, Baba. Jumapili ijayo."

"Na miguu?"

"Sijui."

Mlango wa barabarani ukagongwa. Mama akamvuta Spogmai nyuma ya pazia la karakana. Alikuwa Haji. Salamu zake zilikuwa fupi. Alisema mabinti zake wameona viatu kwenye televisheni na hawampi raha, wanataka vya namna ile, vyenye uzi mwekundu mistari miwili.

"Hii ni kazi yako, sivyo, binamu? Soko zima hakuna mwingine anayeshona hivi."

Baba alikuwa amepiga goti juu ya vile vipande.

"Uzi huo umeisha," akasema.

Haji aliitazama ile karatasi sakafuni, mguu mdogo wa penseli. Akavuta kiti cha wateja, akaketi, akanyoosha miguu.

"Sina haraka," akasema. "Nitasubiri upate mwingine."

Nyuma ya pazia sikusikia mtu akipumua.