Zamu ya Mdogo Wake

Mtaani walimwita Lenzi, maana tangu ujana wake alikata vioo vya miwani na hakuwa na hadithi nyingine. Mke hana, mtoto hana. Alikuwa na mdogo wake wa kike mmoja tu, muuguzi, aliyekwenda kufanya kazi mbali, saa sita za ndege. Na hao wawili, usicheke, waliunganishwa na chombo cha anga cha kwenye kompyuta.

Mchezo wenyewe ni huu: unarusha chombo, unakipeleka mwezini, unakirudisha. Wao walicheza kwa zamu. Zamu moja ni kuwasha injini mara moja, basi. Kisha unamtumia mwenzako faili pamoja na maneno mawili matatu ya habari zako. Hayo maneno ndiyo Lenzi aliyoyangoja. Safari ya mwezini ilikuwa kisingizio tu.

Sasa ilikuwa wiki ya tisa tangu zamu iwe ya mdogo mtu, na chombo kinazunguka tu huko juu, kikipita karibu na mwezi na kutoka, na mafuta ya kuwasha mara moja. Lenzi aliandika, "Mdogo wangu, zamu yako." Akaandika tena. Simu ikaonyesha ujumbe umesomwa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiki hakikuwa na mshindo wala mchakacho.

Jumapili mchana, karakana imefungwa na vumbi la vioo bado liko kwenye kucha, aliukumbuka uvivu wa mchezo ule. Kwenye anga la kweli kila kitu huvuta kila kitu, tena kwa pamoja. Waliotengeneza mchezo waliona mahesabu hayo ni balaa, wakauwekea mwezi mpaka: ukiwa ndani, mwezi peke yake unakuvuta, ukitoka hatua moja, mwezi umekusahau, dunia inakuchukua. Na ukikimbiza saa ya mchezo wakati chombo kinavuka, kompyuta huchelewa kushtuka. Chombo kinakuwa kimeshazama ndani ndipo mwezi unaanza kukivuta, na njia yake inapinda kwa namna nyingine kabisa. Bila tone la mafuta!

"Na kama sijawasha injini," Lenzi alijiambia kwa sauti, "sijacheza zamu ya mtu."

Mjanja huyo! Akahifadhi mchezo, akakimbiza saa, akavuka. Njia ikapinda vibaya; akarudi nyuma, akajaribu mwendo mwingine. Alivuka mpaka mara nne, na kila mara njia ikashuka kidogo. Mara ya tano ikagusa hewa ya dunia. Mwavuli ukafunguka, chombo kikatua majini chubwi! na mafuta yake yale yale tangini. Lenzi alipiga meza, akacheka peke yake, na hakukuwa na hata wa kumpa mkono.

Akatuma faili. "Mwone kaka yako! Zamu yako sijaigusa!"

Baada ya wiki tisa, jibu lilikuja kabla hajamaliza kufuta meza.

"Kaka! Kimerudi kweli? Afadhali! Nilikuwa naona haya kukwambia mchezo huu siuwezi tena. Kila nikiona ujumbe wako moyo unanidunda, nasema huyu ananidai zamu. Sasa umenitua mzigo. Pumzika, kaka yangu, tumemaliza."

Lenzi alisoma "tumemaliza" mara mbili. Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Chombo kikiwa bado juu, zamu ilikuwa ya mdogo wake, na mwenye zamu ipo siku angeandika. Yeye, kwa ujuaji wake, amekishusha. Roho ilimuuma, ikamuuma sana, na wa kumlaumu hakuwepo.

Akaandika, "Tuanze kingine?" Akafuta. Akaandika, "Unakula vizuri huko?" Akafuta na hilo, asije akaonekana anadai.

Mwisho akatuma, "Usijali, mdogo wangu. Hata mimi nilikuwa nimeuchoka."

Likaja dole gumba, basi.