Marashi Ndani ya Gambuti

Harusi alipoondoka nyumbani Gongoni hakubeba sanduku wala sufuria. Alikunja mkeka wake, akautia kichwani, akarudi kwa baba yake Mambrui, na mtaa mzima ukajua kisa ni nini. Miezi mitatu alikuwa akiusuka na kuushona, ukindu akautia rangi mwenyewe, zambarau na kijani. Kisha mumewe Amin akatoka kwenye mashamba ya chumvi na gambuti zimejaa tope, akaukanyaga tangu mlangoni hadi kwenye mtungi, kwa sababu eti alikuwa na kiu. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya tatu.

"Siku utakayojua kuvua viatu," alimwambia akiwa kizingitini, "utanikuta kwa baba."

Amin akacheka, maskini. Alidhani ni hasira za siku mbili. Wiki ya tatu ilipoingia, naye bado anakula mkate mkavu kwa chai ya rangi, kicheko kilikuwa kimemkauka. Alimpenda mke wake, na hilo nalisema mapema, maana yatakayofuata yatakufanya udhani alikuwa mjinga tu. Mjinga alikuwa, lakini alimpenda.

Ndipo mkwewe, Mzee Mahadhi, akaleta ujumbe. Mzee huyu alikuwa akiuza samaki wakavu, asili yake visiwa vya kaskazini, na maneno aliyatoa kwa kipimo. Alisema Amin aje Mambrui siku ya Maulidi, aandamane na watu kwenye zefe, wakirudi nyumbani wakae chini wayazungumze. Asipokuja, au akija bila adabu, basi amwandikie binti yake talaka na kila mtu ashike njia yake. Hakutakuwa na mwaliko mwingine.

Mwaka ule wa themanini na sita Maulidi yaliangukia katikati ya vuli. Mvua ilipiga wiki nzima, mashamba ya chumvi yakajaa maji, kazi ikasimama, na njia ya kwenda Mambrui ikawa uji. Makubadhi yasingefika salama. Amin akaamua atembee na gambuti, na makubadhi ayatie mfukoni ayavae akikaribia mji.

Mwenzake wa kazini, Kahindi, Mgiriama wa Adu ambaye miguu yake ilikuwa na miaka kumi ndani ya gambuti, alimkuta akijitayarisha.

"Soksi ziko wapi, mwenzangu?"

"Zanuka. Siendi kwa mkwe na soksi zinazonuka."

"Si uzifue. Uvae mbili, moja juu ya nyingine, na mguu uwe mkavu kabisa. Ukisikia tu kisigino kinapata moto, simama papo hapo, ufunge kitambaa. Usingoje lengelenge litoke. Mguu hauliwi na safari, unaliwa na unyevu na kusuguana."

Amin aliitikia bila kusikia. Hofu yake haikuwa malengelenge, ilikuwa harufu. Gambuti zile zilikuwa na jasho la miaka miwili, naye angezivua mbele ya mkwe na mbele ya Harusi, katika nyumba inayofukizwa udi kila Ijumaa. Kwa hiyo akazitendea kama wageni wa heshima. Akawasha chetezo, akazifukiza moja baada ya nyingine mpaka moshi ukawa unafuka shingoni mwazo. Bado moyo haukutulia. Akachukua chupa ya marashi, akamimina nusu katika gambuti ya kulia na nusu katika ya kushoto, kisha akatumbukiza humo miguu mitupu.

"Wanukia vizuri," Kahindi alisema. "Mungu akusaidie."

Nusu saa ya kwanza alitembea kama bwana arusi. Nusu saa ya pili miguu ikaanza kuteleza huku na huku ndani ya marashi. Kisha kisigino cha kulia kikapata moto, akayakumbuka maneno ya Kahindi, akajiambia si mbali tena. Hakuna aliyewahi kutokwa na lengelenge ambaye hakujiambia hivyo. Alipoziona nyumba za kwanza za Mambrui alikuwa akikanyagia vidole mguu mmoja na upande wa wayo mguu wa pili, na Mambrui yenyewe ilikuwa kama inarudi nyuma.

Alitafuta jiwe akae abadili viatu. Lakini zefe lilikuwa limeshatoka msikitini, na mstari wa mbele, kanzu nyeupe pe na bakora mkononi, alikuwa Mzee Mahadhi. Mzee alimwona, akampungia aje asimame ubavuni pake. Mkwe akikuita kwenye zefe humwambii ngoja kwanza. Amin akaingia.

Zefe lina mwendo wake. Watu hujipanga safu, twari zikalia, wakayumba pamoja kulia na kushoto, taratibu na kwa heshima. Amin hakuwa na kulia wala kushoto. Akikanyaga mguu wa kulia, anaruka. Akikanyaga wa kushoto, anajipinda kiuno ili kuuokoa. Machozi yalimlengalenga, na siku ile alimsalia Mtume kwa dhati ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe. Mpiga twari mmoja akamtazama, akaongeza kishindo pale Amin anaporuka. Vijana wa safu ya nyuma wakadhani huo ndio mtindo mpya wa Gongoni, wakaushika. Kufika kona ya pili, wanaume arubaini wazima wa afya walikuwa wakichechemea kwa mpigo mmoja, na vigelegele vikitoka madirishani.

Mzee Mahadhi aligeuka akayaona yale machozi.

"Mashallah," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua una mapenzi kiasi hiki."

Amin akaruka tena, akajipinda kiuno.

Walipofika nyumbani mvua ilikuwa imeanza tena. Mzee alivua viatu, akaingia, akaketi. Sakafuni palikuwa pametandikwa mkeka wa zambarau na kijani. Chini ya pazia la chumbani Amin aliona nyayo za Harusi zimesimama, zinasikiliza. Akainama avue gambuti. Haikutoka. Akajaribu ya pili, nayo ndiyo kwanza ikakaza. Miguu ilikuwa imevimba ikajaa humo kama mkate uliofura chunguni.

"Pita, mwanangu, ukae," Mzee alisema.

"Nimeshukuru, Baba. Nitasimama hapa."

"Hapo mvuani?"

"Hainidhuru, Baba."

Uso wa Mzee ulibadilika. Mtu aliyeitwa akae chini, akakataa kuvuka kizingiti, huyo amekwisha kujibu. Alimkaribisha mara ya pili, akamkaribisha mara ya tatu, na Amin bado amegandana na nguzo ya mlango, kanzu inachuruzika maji.

"Basi nimeelewa," Mzee alisema. "Ulikuja kuonwa na watu, hukuja kumchukua mkeo. Ingia tu uandike ulichojia, tumalizane."

Hapo Amin aliona aibu aliyokuwa akiikwepa tangu Gongoni haina maana tena.

"Baba, gambuti zimekataa kutoka. Miguu imeoza humu ndani. Nikiukanyaga mkeka ule nimemkosa mke wangu, na nisipoingia nimemkosa vilevile. Basi heri nimkose bila kuuchafua."

Pazia likafunguka. Aliyetangulia kutoka alikuwa Bi Shekha, bibi yake Harusi, mkongwe aliyekuwa na haki zote za kumtania mume wa mjukuu wake.

"Mume wangu," alisema akivuta pua, "mbona wanukia kama maiti ya tajiri?"

Harusi alikuja nyuma yake. Akakaa kizingitini, akaushika mguu wa Amin kwa mikono miwili, akavuta. Bi Shekha akamshika Amin kiuno asianguke. Gambuti ikatoka kwa mlio wa ng'ombe anayetoa kwato topeni, na marashi yakamwagika mapajani mwa Harusi, mekundu kidogo. Kisigino kilikuwa na lengelenge kubwa kama ndimu, na jingine limepasuka pembeni.

"Umetia nini humu?" Harusi aliuliza.

"Marashi."

"Chupa nzima?"

"Nusu kwa nusu."

Harusi alijaribu kuzuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Mzee Mahadhi ndani akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Bi Shekha akashika uongozi. Lililopasuka lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifungwe kitambaa kilichochemshwa. Zima liachwe, maana ngozi yake ndiyo dawa yake. Likimtesa sana, sindano ichomwe motoni, litobolewe pembeni tu, maji yatoke na ngozi ibaki ilipo. Na mgonjwa asitembee. Mzee akahukumu kwamba Amin atakaa hapo mpaka apone, na siku atakayoweza kwenda kwa miguu yake ndipo mambo yao yatakapoamuliwa.

Akakaa, basi, akilishwa samaki wa kupaka na mkate wa sinia. Asubuhi na jioni Harusi alikuja na beseni, akaosha, akafunga. Siku ya tano Amin alijua miguu imepona. Aliendelea kuchechemea kwa bidii hata hivyo, kwani hakujua Harusi ameamua nini, na aliogopa kuuliza.

Jioni ile Harusi alifungua kitambaa. Ngozi mpya ilikuwa imekaa vizuri, kavu. Akaibonyeza kwa kidole gumba, na Amin akasahau kupiga yowe. Wakatazamana. Amin akageukia boriti za dari.

"Vipi, Harusi?" Mzee Mahadhi aliuliza kutoka barazani. "Bado hajapona?"

"Bado, Baba," Harusi alijibu. "Kibichi kabisa. Nadhani itabidi nirudi naye Gongoni nikamuuguze huko."

Akakifunga upya kile kisigino kizima, pole pole, na alipokwisha kukaza fundo mkono wake ukabaki palepale.