Chupa ya Nyuma ya Pipa

Ranko, jeuri kama kawaida, alikataa fundi. Alibadilisha silinda kuu ya breki ya gari lake mwenyewe, akaijaza maji ya manjano aliyoyakuta kwenye chupa ya soda akidhani ni mafuta ya breki, akakaa kwenye usukani. Mkwewe, mzee Miloje, alilala chini ya gari kufungua nati upepo utoke kwenye breki.

"Kanyaga! Shikilia!"

Chupa ikaisha, pedeli bado teketeke. Mzee akalamba kidole kilicholowa maji yale.

"Chupa umeitoa wapi?"

"Nyuma ya pipa la kabichi, baba."

Ilikuwa rakija, pombe kali ya plamu, iliyowekwa siku binti wa Ranko alipozaliwa, inywewe arusini kwake. Arusi ni kesho.

Ranko alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Fundi nitamwita mimi," mzee akasema. "Wewe kamwambie mwanao."