Mlenda Usio na Chumvi

Bartolomayo alikuwa na misumari kumi na tano mdomoni alipohisi ladha ya damu.

Hakushtuka. Alikuwa ameizoea tangu mwanzo wa mwaka, kila akipiga mswaki, kila akitafuna kitu kigumu kuliko ndizi mbivu. Akaendelea na kazi: ulimi unasukuma msumari mmoja mpaka kwenye midomo, mkono wa kushoto unaudaka na kuusimika ukingoni mwa sofa, nyundo inagonga mara mbili. Hivyo ndivyo alivyofundishwa miaka thelathini iliyopita, na karakana zote za Kizota zilijua kwamba hakuna fundi anayepanga misumari ya urembo kwa mstari ulionyooka kama wake. Msumari wa saba ulitoka na uzi wa mate mekundu. Uzi ukakatika, ukadondokea kitambaa cha rangi ya maziwa.

Alijaribu kufuta kwa kidole gumba. Doa likatanuka.

"Mzee Barto, nini hicho?" Hashimu, mwenye karakana, alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, na kila asubuhi humwamkia kwa shikamoo ya kweli, si ya kupita.

"Ufizi tu. Unapita."

"Unapita tangu lini? Mwezi uliopita ilikuwa viti vya kanisa, tukasingizia rangi. Hii sofa ni ya mkurugenzi, mzee wangu, inaondoka Jumamosi. Mkewe akiona damu atasema tumechinjia kuku juu yake." Hashimu akashusha pumzi. "Sikuvunjii heshima. Nenda hospitali sasa hivi. Ukirudi leo na karatasi ya daktari kwamba umetibiwa, kazi yako ipo. Usiporudi nayo, namwita Kefa amalizie."

Kefa alikuwa fundi mwenzao wa mtaa wa pili, mwenye meno yote. Bartolomayo alishawahi kujaribu kushika misumari kiganjani badala ya mdomoni. Sofa ya siku moja ikamchukua siku mbili, na Hashimu analipa kwa sofa, halipi kwa siku. Akatema misumari iliyobaki kwenye kopo, akaondoka.

Kwenye kituo cha afya, daktari wa meno, kijana aitwaye Luka, hakuanza na mdomo. Alianza kwa kumfunga mkono kwa mpira wa kupimia presha. Akasoma, akasubiri dakika tano, akapima tena.

"Mia moja tisini na nne kwa mia moja kumi na sita. Fungua mdomo, mzee."

Fizi zilikuwa zimevimba na kuwa nyeusi mithili ya zambarau. Luka aligusa jino moja la chini, likacheza.

"Hili linatakiwa kutoka, na hizi fizi zinatakiwa kusafishwa mpaka chini kabisa. Lakini siwezi. Kwa presha hii nikikung'oa, damu inaweza isisimame. Au mshipa ukapasuka kichwani ukiwa kwenye kiti changu."

"Basi niandikie karatasi kwamba nimetibiwa."

Luka alitaka kucheka, kisha akaona mzee hatanii. "Nenda mlango wa sita, kliniki ya presha. Wakiishusha, urudi."

Mlango wa sita alikuwepo Sista Devota, meza iliyojaa makadi, na feni iliyokuwa ikizungusha joto lile lile la Novemba. Bartolomayo alimfahamu. Alikuwa amekuja mbele ya meza hiyo mara nane tangu Februari.

"Siku ya presha ni Jumanne," Sista Devota alisema bila kuinua macho. "Leo Alhamisi."

"Nimetumwa na daktari wa meno, sista. Anasema hawezi kunitibu mpaka ishuke."

"Daktari wa meno hapangi ratiba ya kliniki hii."

Bartolomayo hakuondoka. Hakuwa mtu wa kubishana na wenye meza, lakini siku hiyo miguu ilikataa. Mwishowe sista akaipokea kadi yake ili tu aondoke mbele ya meza.

"Dawa unameza?"

"Kila siku."

"Chumvi umepunguza?"

"Sikupunguza, niliacha kabisa. Tangu Februari chumvi haijaingia kwenye chungu chetu."

"Ndivyo mnavyosema wote." Akagonga muhuri: USHAURI WA LISHE UMETOLEWA. Ulikuwa muhuri wa tisa kwenye kadi hiyo. Kama kuna siku hata moja ushauri ulitolewa, ulitolewa kwa meza, maana Bartolomayo hakuusikia zaidi ya hilo neno moja, chumvi. "Jumanne, saa mbili asubuhi. Anayefuata!"

Alirudi kwa Luka kuomba karatasi tena. Ndivyo wanavyopigwa danadana watu wa kawaida, mlango huu mpaka ule, na kila mlango una haki yake. Luka alimsikiliza huku akikunja uso, kisha akavuta kiti na kukaa mbele yake, goti kwa goti.

"Mzee, kwa siku unakula nini?"

Miezi tisa, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.

"Nile nini na mdomo huu? Nyama siwezi, mahindi siwezi, hata maharage yanachoma. Nakula ugali wa uwele na mlenda. Mchana mlenda, jioni mlenda. Tonge linateleza lenyewe, sitafuni."

"Hauna chumvi?"

"Hata chembe. Mke wangu, mama Loisi, ni mkali kwa hilo."

"Na magadi?"

"Magadi lazima, daktari. Mlenda bila magadi utatelezaje?" Bartolomayo alisema hayo kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. "Zamani alikuwa anaweka bonge moja dogo. Fizi zilipozidi kuuma akaongeza la pili, ili ulainike zaidi, na ili upate ladha kwa kuwa chumvi hakuna."

Luka akainamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa amekasirika, ila hasira haikumlenga Bartolomayo.

"Kile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha, kwenye magadi kimo vile vile. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa chumvi."

"Basi sikiliza. Fizi zinauma, unakula mlenda. Mlenda una magadi, presha inapanda. Presha ikipanda siwezi kugusa fizi. Na fizi zikikaa zimeoza hivi, nazo zinaisukuma presha juu. Umeona unavyozunguka?" Akachukua kalamu. "Acha magadi leo. Dawa usiruke. Kichwa kikikuuma sana, au mkono ukifa ganzi, usingoje Jumanne, njoo mbio. Baada ya wiki nne tupime, tukijaliwa ning'oe."

"Wiki nne?"

"Presha haishuki kwa haraka ya tajiri yako, mzee."

Akaandika karatasi, akaisaini. Ilisema kwamba mgonjwa hajatibiwa, presha iko juu, arudi baada ya wiki nne. Ilikuwa karatasi ya kweli na haikumfaa kitu.

Nje ya geti Bartolomayo alimpigia Hashimu simu.

"Shikamoo, mzee. Umepata?"

"Marahaba. Wanataka wiki nne."

Upande wa pili nyundo ilisikika nyuma ya Hashimu, ikigonga mara mbili, ikitulia, ikigonga tena mara mbili.

"Kefa ameshaanza," Hashimu alisema. "Nisamehe, mzee wangu. Ukipona njoo tuongee."

Iliuma kuliko ufizi. Miaka kumi na sita katika karakana ile, chini ya baba yake Hashimu na sasa chini ya mtoto, na imekwisha kwa dakika moja ya simu. Alitembea mpaka nyumbani Miyuji kwenye jua la saa nane, kwa kuwa hakuona sababu ya kuwahi.

Mkewe, Klara, alikuwa jikoni akikoroga. Bartolomayo alimweleza yote, kuanzia doa la damu mpaka magadi. Aliposema magadi, mwiko ulisimama.

"Mimi," Klara alisema.

"Si wewe, mama Loisi."

"Ni nani mwingine anayepika humu ndani? Miezi tisa nakupikia ugonjwa kwa mikono yangu, na natamba kwa watu kwamba mume wangu anatii masharti!" Aliepua chungu, akakisukuma mbali na moto. Akaichukua kadi ya kliniki, akasoma muhuri polepole, herufi kwa herufi. "Ushauri wa lishe umetolewa. Kapewa nani?"

"Hakuna aliyepewa."

Klara alikaa chini kwenye kigoda. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa khanga, kisha mkono wenye khanga ukabaki pale pale usoni.

"Baba Loisi. Stumai."

Stumai alikuwa jirani yao, mjane, nyumba ya ng'ambo ya ua wa minyaa. Mwezi wa tano aliambiwa ana presha, kwenye mlango ule ule wa sita, akaambiwa aache chumvi. Mwezi wa tisa aliamka upande wa kushoto umekufa na mdomo umepinda, na wapo waliosema amerogwa na shemeji zake kwa ajili ya kiwanja.

"Alikuja kwangu analia kwamba chakula hakipiti bila chumvi," Klara alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nikamwambia zidisha magadi, hutajua kama chumvi haipo. Juzi tu nimempelekea fungu zima."

Hakungoja mumewe aseme kitu. Alipita kwenye pengo la minyaa, khanga ikiburuta vumbini, na Bartolomayo akamfuata nyuma. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Stumai.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni." Maneno yalitoka mazito, upande mmoja wa mdomo. Stumai alikuwa ameketi juu ya gunia, mkono wa kushoto umelala mapajani, wa kulia unakoroga. Alipowaona alifurahi waziwazi. "Mama Loisi, umekuja wakati mzuri. Kaeni tule. Leo nimeweka mabonge matatu, onja uone kama nimepatia."

Klara alishika mwimo wa mlango, kisha akainama, akaepua chungu motoni.